Ampli Yako ya Upande wa Kushoto

Kaka Hamadi mpendwa,

Leo mchana nimezileta sebuleni ampli zetu zote mbili za gitaa, hapa hapa mtaani Ngagara, yako kushoto na yangu kulia, kama ulivyotaka siku zote. Usianze kunisifu. Tangu tukuzike, masika mbili zimepita, na yako nimeigusa mara moja tu, paa lilipovuja: niliifungua kuikausha, nikaifunga. Kesho binti yako Mariamu anaolewa. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni mikono kiunoni, ni wewe mtupu. "Baba mudogo, ulete zote mbili. Moja apana. Papa alikuwa anapigaka na mbili."

Basi nikaunga nyaya. Gitaa kwanza, kisha ile pedali ya kukwaruza sauti uliyonionya niikanyage kwa adabu, kisha pedali ya kurudia, na mwisho ya mwangwi, yenye matundu mawili ya kutolea sauti, moja la ampli yako, jingine la yangu. Ampli zote mbili nikazichomeka kwenye soketi ya ukuta mmoja ili zisingurume. Hilo sikulisahau, maana ulinifokea sana kwa ajili yake.

Lakini kazi hii ni ya watu wawili, kaka. Mmoja apige, mwingine asimame katikati ya chumba asikilize. Siku zile wewe ulipiga, mimi nikasimama.

"We, unasikia nini?"

"Niko nasikia vizuri."

"Apana, unadanganya. Songa kidogo, funga macho."

Nikifumba, sauti ilitoka kwako ikanipita puani kwenda upande wangu, nawe ukacheka kuona ninavyogeuza kichwa kuifuata. Shemeji aliamini tumerukwa na akili, watu wazima wawili, mmoja kasimama sebuleni kama nguzo. Leo nilipiga noti chache, nikaliweka gitaa chini, nikakimbilia katikati. Sauti ikaisha kabla sijafika. Nilijaribu mara tatu. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikaniishia.

Ndipo nikaikumbuka pedali ya kurudia. Unaikanyaga, unapiga, unaikanyaga tena, nayo inarudia ulichopiga mpaka uizuie kwa kuikanyaga mara mbili upesi. Inabeba kitu kimoja tu. Ukitaka kurekodi kipya, sharti cha zamani kifutwe. Sijaitumia tangu uondoke, nilidhani iko tupu. Nikaikanyaga, na badala ya taa nyekundu ya kurekodi ikawaka ya kijani, ya kurudia kilichomo. Ulikuwa wewe. Ile ridhimu yako ya arusi, mizunguko minne, na mwishoni kidole chako kinateleza, kama kawaida yako. Mguu wangu uliganda hewani. Ningeikanyaga tena bila kufikiri, ningerekodi upuuzi wangu juu yako.

Nikaenda katikati. Wewe unapiga, mimi nimesimama. Na sauti ilikuwa mbaya, kaka! Ukiinamia ampli moja moja, safi kabisa. Ukisimama kati, besi imekimbia, pamebaki shimo. Niliizima yako, nikafungua mgongo wake, nikaiona ile nukta nyekundu uliyoupaka waya kwa rangi ya kucha ya shemeji. Waya wenye nukta ukae kulia, ulinifundisha. Siku ile ya kuikausha niliurudisha kushoto. Machozi yalinizuia kuona, sina udhuru mwingine. Muda wote huu spika yako ingekuwa inavuta hewa wakati yangu inaisukuma, besi zikifutana, na nisingejua, kwa sababu nimekuwa nikipiga arusi za watu kwa ampli moja. Watu wanacheza, wanakula, wanakwenda zao. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nyingine iko wapi.

Nikabadilisha nyaya, nikawasha, nikarudi katikati na kufumba macho. Besi ikanigonga kifuani. Nikasema kwa sauti, "Sasa niko nasikia." Hakukuwa na wa kuniambia nadanganya. Nina upweke, kaka. Nilikuwa nimejizoeza kusema ni uchovu.

Sikuweza kukuzima. Nilikuacha ukizunguka, nikapika chai, nikainywa nikiwa nimesimama palepale, mpaka umeme ukakatika kama desturi yake hapa kwetu. Kwa mara ya kwanza sikuutukana. Umeme uliporudi nilihakikisha: bado umo ndani ya pedali.

Kwa hiyo kesho sirekodi chochote. Mariamu akiingia, ridhimu utapiga wewe, nami nitapiga juu yako. Sijamwambia kitu. Nitamwomba tu asimame katikati, afumbe macho.

Ila ukumbi waliokodi una jenereta. Umeme hautakatika. Wimbo ukiisha, ni mguu wangu utakaokunyamazisha, na hilo ndilo pekee ambalo sijalifanyia mazoezi.

Ni mimi mdogo wako,
wa upande wa kulia