Ufunguo wa Gari ya Kitaliani

Kaka yangu mpendwa,

Sijui barua hii niipeleke wapi, maana tangu tulipoondoka Unguja mwaka wa sitini na nne hatujapata habari zako. Nakuandikia kwa sababu ya ufunguo.

Unaikumbuka ile gari nyekundu ya Kitaliani, aliyoachiwa baba gereji na tajiri mmoja aitunze? Baba alikueleza namna Waitaliani walivyochukua injini ya mashindano, wakaivika bodi iliyogongwa kwa nyundo na kuitia viti vya ngozi, ili mtu ale cha mchana nchi moja na cha usiku nchi nyengine. Mimi nilikaa kiti cha nyuma, kisichotosha hata mbuzi. Na wewe ulitaka kuikimbiza tu. "Iache ingurume kwanza," baba akikwambia. "Ukiikimbiza mafuta hayajapata moto, utaiua." Ndiyo maana ufunguo haukutoka mfukoni mwake.

Siku ile ya kukimbia ulikwenda gereji kuichukua, ukasema utatukuta bandarini. Tulikungoja mpaka meli ikang'oa nanga. Tuko kati ya bahari, baba akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo. Kwa haraka zile hakuna aliyeukumbuka. Kwa ufunguo ule nilimchukia miaka mizima.

Hapa Maskati, ambako gari zilikuwa za kuhesabika, aliutundika ukutani, pasipofika jua. Kila baada ya alasiri tuliukuta moto, kama uliochomolewa sasa hivi kwenye gari. Upande wa Bawshar, nje ya mji, kwenye kokoto tupu, ukisikika mngurumo. Mama akimimina kahawa kikombe cha nne, chako. "Nnamsikia," akisema. Baba akiinamisha kichwa. "Hajatoka bado. Anapasha moto mafuta. Mara hii amefuata nilivyomfunza."

Baba alifariki mwezi uliopita. Ufunguo ukapoa, na mngurumo ukanyamaza. Nililia, kaka, nikadhani nimewapoteza nyote wawili siku moja.

Jana ukapata moto tena. Mngurumo ukabadilika, gia moja, ya pili, unakuja kwetu. Leo umesimama nyuma ya ukuta wetu. Nimechungulia dirishani, njia ni nyeupe, haina kitu. Lakini nimeisikia sauti ya baba, taratibu kama zamani: "Usizime. Iache ingurume."

Mama ameshavaa baibui. Anacheka, sijamuona akicheka tangu Unguja. Amesimama mlangoni, amenyoosha mkono.

"Nipe ufunguo, mwanangu. Kaka yako anaungojea."

Nimeubana kiganjani na unaniunguza. Nilitamani uje, wallahi, kila siku nilitamani. Lakini nikiutoa nitabaki peke yangu. Sasa najua baba naye aliubana hivi kwa kukuogopea, na nimemsamehe.

Nawe nisamehe. Nendeni salama, mama mniachie. Ufunguo simpi.

Mdogo wako, wa kiti cha nyuma