Kijinguzo cha Tisa

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Na ipokee nyingine juu yake, maana miezi mitatu imepita sijakupa hata moja. Natumaini goti limepoa na unapanda ngazi za ofisini kwako bila kuzisemesha. Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila masikio yake yameanza kuchagua: ukimwomba jambo hasikii, ukimsengenya anasikia akiwa chumba cha tatu. Ndiye aliyeniambia juzi kwamba umeapa kutokanyaga kwetu likizo hii. Nakuomba usome mpaka mwisho, kisha ndiyo uape vizuri.

Usishangae herufi kunyooka. Mwandiko wangu unaujua. Barua hii naisema kwa mdomo, na wifi yako anaipiga chapa kwenye ile kompyuta. Ndiyo kazi yake siku hizi, kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Sheria ya kwanza ya kazi hiyo ni kuandika kilichosikika, bila kuongeza wala kupunguza. Nimemwambia hata leo aifuate. Amecheka, akasema nianze upesi, ana nguo kambani.

Kompyuta yenyewe una mkono wako ndani yake. Ulitutumia vile vijiti viwili vya ram, kumbukumbu ya mashine, umevifunga kwenye soksi ya shemeji. Kasha nilipewa na ofisi iliyokuwa inahama, na bodi kubwa inayobeba kila kitu ilitoka kwa fundi redio anayetazamana na kibanda changu. Nikajiambia, mtu aliyefungua saa za mkononi miaka thelathini na moja, akazirudisha zikatembea, atashindwaje na sanduku ambalo skrubu zake zinaonekana bila kioo cha kukuzia?

Dada, nilidhani nimeshaona mashine. Sikuwa nimeona. Saa ukiifungua unaiona sababu: springi inasukuma gurudumu, gurudumu linasukuma mwenzake, mwisho mshale unasogea. Humu ndani hakuna kinachosogea ila feni. Vyote vimetulia kama watu wanaosali, na kumbe kazi inayofanyika hapo kwa kufumba na kufumbua, mimi na wajukuu wa wajukuu zangu tusingeimaliza kuihesabu. Nikaweka kioo changu jichoni, nikainama. Pembeni mwa bodi nikakuta betri ya duara, ndugu wa hizi ninazouza kibandani, na karibu yake kikopo kidogo cheupe chenye kile kile kijiwe kinachotembeza saa. Nikaelewa. Humo ndani kuna saa. Ukizima kila kitu, nyumba ikalala, ile betri inabaki macho peke yake ikihesabu, ili mashine ikiamka ijue leo ni siku gani. Nilikaa chini. Wifi yako akauliza kama umeme umenipiga. Nikamwambia hapana, nimekutana na mtu wa kwetu.

Tena ukiiwasha, kabla haijamsikiliza yeyote, inajikagua kwanza: kumbukumbu ipo, feni ipo, skrini ipo. Ikijikuta nzima inalia mlio mmoja mfupi. Sisi wengine tunaamka na kwenda kazini bila hata kujikagua vifungo.

Yetu siku ya kwanza haikulia. Feni iligeuka nusu mzunguko, ikakata roho. Nikachomoa vijiti vyako, nikavirudisha kwa kuvikandamiza na vidole gumba, ikalia. Nikajiona bingwa. Siku ya tatu ikaganda wifi yako akiwa katikati ya sentensi ya mtu, na kurasa kumi na moja zikapotea. Kumbuka alikuwa kwenye majaribio ya wiki sita, baada ya kukaa miaka minne bila kazi. Msimamizi wake alikwishamwambia kwamba anayechelewa mara mbili hasubiriwi ya tatu, naye mara moja alishaitumia.

Nikakandamiza tena, ikaamka tena. Basi nikatoa hukumu: kinachopona kikiguswa ndicho kinachoumwa. Ndipo nilipokutumia ule ujumbe kwamba umetutupia takataka zako. Nikamwambia na Mama, na Mama habari hazilazi, anazigawa zikiwa bado moto.

Nikatoa vijiti vyako, nikaazima cha fundi redio. Ikaganda vile vile. Hapo mwenye akili angekuomba radhi. Mimi nililaumu umeme wa mtaa.

Aliyeokoa jahazi ni wifi yako. Aliniambia, "Wewe unaipapasa tu. Tuivue nguo, tuone."

Tukatoa kila kitu kwenye kasha, tukailaza bodi juu ya kadibodi kwenye meza ya kulia, tukaunga vya lazima tu. Ikalia mlio mmoja. Tangu chai ya asubuhi hadi jua linainama haikuganda hata mara moja, na yeye akaandika kurasa arobaini mashine ikiwa uchi mbele yake. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kikombe. Jirani alikuja kuazima ngazi, akaambiwa apitie nyuma na asikohoe. Kesho yake tuliirudisha kwenye kasha. Kimya.

"Basi ugonjwa uko kwenye nyumba, mgonjwa ni mzima," akasema, akaenda kuanua nguo.

Sasa, dada, hapa ndipo penye barua. Na wewe mke wangu, endelea kuandika.

Alipotoka niliitoa tena bodi kwenye kasha, nikaigeuza. Mgongoni nikaona mkwaruzo mdogo wa duara, unang'aa. Chini yake, kwenye bati la kasha, kimesimama kijinguzo cha shaba. Vile vijinguzo kazi yake ni kuinua bodi isiguse bati ikapiga shoti, na kila kimoja hukaa chini ya tundu la skrubu. Kasha lilikuja na tisa. Bodi ina matundu manane. Mimi nilivifunga vyote tisa, maana kwetu mafundi saa kinachobaki mezani ndicho ulichokosea, na mezani pangu hakijabaki kitu miaka thelathini na moja. Kile cha tisa kilikuwa kinaichoma bodi mgongoni. Nilipokandamiza vijiti, bodi ilisogea kidogo ikaachana nacho. Ubingwa wangu wote ulikuwa huo.

Nikakifungua. Nikasikia hatua zake mlangoni. Nikakitia mdomoni, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Akauliza kama nimepata. Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza, ni ram za dada ndizo zilizoiumiza? Nikatikisa kichwa kukubali. Uongo wote ndio huo, na sikutamka hata neno moja.

Wiki ile ile nilirudisha kijiti cha fundi redio, nikachomeka vyako, nikasema nyumbani kwamba ni vipya. Mashine haijaganda hata siku moja. Kazi aliyoipata wifi yako ameipata juu ya vijiti vyako, na kila neno ninalosema sasa vyenyewe ndivyo vinavyolishika. Nisamehe, dada. Kwa Mama nitakwenda mwenyewe.

Vidole vya wifi yako vimesimama. Mashine ni nzima, nauona mshale wa skrini unapepesa. Nimemwomba aandike na hilo pia. Ameandika.

Msalimie shemeji, mwambie soksi yake tunayo. Wabusu watoto. Goti ulikande kwa maji ya uvuguvugu, usilibishie.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi saa

Wifi, ametoka kwenda uani, nami naongeza langu ingawa sheria inakataza. Siku ile alipojibu kwa kichwa nilijua kuna jambo, kwa sababu mume wangu hajawahi kuulizwa swali akakosa la kusema. Sikujua ni nini. Nilikaa kusikiliza kwa miezi mitatu, na wewe ukaumia nikiwa kimya. Hilo ni kosa langu, usimwekee yeye. Kitanda chako nimekitandika. Njoo.