Kelele ya Mashini ya Papa Nestor

Jumatatu, tarehe 6 Juni 2022

Brigitte, muganga wa sentre ya afya ya hapa Kashebere, kafika kwenye mashini ya kusaga na kidude mkononi. Kinapima kelele. Kumbe kelele inapimwa! Papa Nestor, mwenye mashini, kacheka sana. Alitoka Butembo miaka kumi na moja iliyopita kuja kutusagia mahindi. Eti kama kelele inaua masikio, angekuwa kiziwi zamani.

Brigitte kakiweka karibu na sikio langu, pale ninapomwaga mahindi: desibeli tisini na saba. Mlangoni, wamama wanapongoja na watoto mgongoni: themanini na nane. Nikauliza, ni nyingi ao kidogo? Kasema kwa tisini na saba, sikio bila kinga linavumilia nusu saa kwa siku. Nusu saa! Mimi nashinda pale masaa saba. Miaka sita sasa.

Njo maana jioni masikio yanalia kama panzi. Nilidhani ni uchovu tu.

Jumatano, tarehe 8 Juni

Papa Nestor anasema pamba inatosha. Brigitte kamwambia pamba inazuia vumbi, si kelele. Kaleta vitu vya kujaribu.

Kwanza buchoni, vile vidogo vya kusokota na vidole na kuingiza sikioni. Lakini vidole vyangu vimejaa unga! Unga ukaingia pamoja navyo. Nimewashwa mchana kutwa.

Halafu kaske, ile ya kufunika sikio lote. Nikavaa juu ya kitambaa cha kichwa — kelele ikapenya pembeni kama panya. Brigitte kasema kitambaa kinaacha nafasi. Nikivue mbele ya wateja? Hapana! Nikakifunga upya, nyuma ya masikio. Wamama wamesema napendeza. Nami nimejiona.

Alhamisi, tarehe 9 Juni

Leo kaske nzito kuliko zote. Raha! Mashini inatingisha chini, sikioni kimya. Nimemwaga mahindi huku ninaimba.

Mama Godelieve alikuwa nyuma yangu anapiga kelele: musumari! Msumari ndani ya mahindi yake. Sikusikia hata kidogo. Kanishika bega — nikaruka, bakuli likaanguka, mahindi kila mahali. Msumari ulikuwa karibu kuingia kwenye mashini. Ungetoka kama risasi. Nilikaa chini kwanza.

Brigitte hakunigombeza. Kasema kinga ikizidi nayo ni hatari, inakuacha peke yako. Inatakiwa kelele ishuke, si iishe. Tumechagua ya katikati. Nikiitwa nasikia. Mkanda wa mashini ukiteleza nasikia. Na jioni hii panzi wamepungua, kweli! Mtoto wangu Archange kauliza: "Mama, mbona leo haupige makelele?" Sikujua kwamba nilikuwa napiga.

Jumamosi, tarehe 11 Juni

Papa Nestor kajenga kibanda nje, na mabati mazuri. Wamama na watoto wanangoja huko sasa. Kapiga nyundo tangu asubuhi. Ana roho nzuri mzee huyu.

Lakini yeye mwenyewe kaske hataki. "Anastasie, mashini hii naijua kwa sauti. Nikiziba masikio nitamusikia namna gani?" Kama vile anasema juu ya bibi yake wa ndoa.

Jumatatu, tarehe 13 Juni

Naandika hapa hapa, kwenye benchi ya sentre ya afya. Brigitte anapima masikio yetu. Anasimama nyuma, ananong'ona namba, unazirudia. Mimi sikio la kushoto limekosa mbili. Kasema nikivaa kaske, litabaki hapo. Nimeshukuru Mungu. Mbili si mbaya!

Sasa ni Papa Nestor. Kakubali ili kutuonyesha mfano, kavaa na shati ya misa. Mlango uko wazi, namwona. Kakaa wima, mikono juu ya magoti, anatabasamu.

Brigitte ananong'ona: tano... nane... mbili. Mimi nasikia zote kutoka hapa.

Papa Nestor kimya.

Ananong'ona tena. Saba... nne... tisa. Kuku anapita uwanjani. Papa Nestor bado anatabasamu, kisha anageuza kichwa kidogo.

"Muganga," anasema, "mie niko tayari. Unaweza kuanza."