Kibodi niliyoiosha kwa maji ya kisima

Alhamisi, 18 Oktoba 2007

Leo jua limewaka vibaya tangu asubuhi, na vumbi la malori linakaa hadi kwa ulimi. Hapa Kinanie kila mtu anaangalia juu kama mvua iko karibu. Mimi naangalia chini. Wiki ya tatu sasa naangalia chini.

Saiba ninapofanya kazi ina kompyuta nne. Ile ya dirishani tunaiita ya Susu. Susu ni nyanya mmoja wa hapa karibu. Kila Jumanne anatoka shambani, ananawa miguu hapo nje, anaingia kumwandikia binti yake aliye kazini Dubai. Anaandika na kidole kimoja. Mimi ndiye nilimfundisha, herufi moja moja, mimi niliyeachia shule kidato cha pili. Akiipata herufi aliyokuwa anatafuta, anacheka peke yake. Hicho kicheko nilikuwa nakibeba mpaka nyumbani.

Sasa niseme nilichofanya.

Mutheu wangu ana mwaka na miezi mitatu. Bosi alikubali nije naye, kwa sharti moja: akae kwa leso nyuma ya meza yangu, asiguse mashine. Jumatatu ile nilikuwa nampa uji, akaja mteja anataka kopi, nikaweka kikombe pale dirishani. Kugeuka, mtoto amekivuta. Uji wote, wa wimbi na sukari, ndani ya kibodi.

Bosi alikuwa ameenda Tala. Nikaichomoa hiyo kibodi nikaiosha, vile naosha kila kitu. Mswaki wa zamani na sabuni ya unga. Nywele zikatoka, makombo ya mandazi yakatoka, herufi zikang'aa. Wacha niseme ukweli, nilijisikia mwerevu.

Lakini maji. Maji ya mvua kwa tangi yalikuwa yamebaki ya chai na ya uji wa mtoto. Nani anaosha kibodi na maji matamu mwezi wa Oktoba? Nikachota ya kisima.

Mtu wa huku anayajua maji ya kisima chetu. Sufuria inabaki nyeupe kwa chumvi. Nguo nyeusi ikikauka inachorwa ramani. Mimi mwenyewe nguo za mtoto huwa nazisuuza mwisho na maji ya mvua. Kibodi sikuisuuza. Niliianika kwa ua kando ya nepi, ikakauka, nikairudisha. Sikuijaribu hata.

Kesho yake Susu akaja. Akabonyeza, hakuna kitu. Akabonyeza tena kwa nguvu.

"Susu, polepole! Hiyo si kinu," bosi akasema, na watu wa viwanda vya EPZ waliokuwa pale wakacheka.

"Aiya! Kwani nimeiua?" Susu aliangalia kidole chake. "Vidole vyangu vimezoea jembe, mwanangu. Vitu vya watu haviviwezi."

Bosi akaigeuza, akaigonga, akasema imekufa. Mimi nilikuwa hapo hapo, Mutheu mgongoni. Niliona nikisema tu, mtoto hatakubaliwa tena, na mimi nimekwisha.

Nikanyamaza.

Susu akanishika mkono akitoka. "Pole, Mama Mutheu. Nimekuharibia kazi."

Yeye kuniambia mimi pole!

Jioni nilichokoa herufi moja na kisu. Chini yake chumvi imejaa, nyeupe, kama ile ya sufuria.

Jumanne mbili zimepita na Susu hajakanyaga hapa. Bosi ameweka kibodi mpya, ndiyo hii naandikia. Inabonyea vizuri. Naichukia.

Leo asubuhi nikafanya kosa lingine: nikafungua imeili yake. Neno la siri ni jina la mbuzi wake, tulilichagua pamoja. Kuna barua mbili za binti. Ya pili ni fupi: "Mwaitu, mama yangu, mbona umenyamaza? Ni mgonjwa? Mtu aniambie."

Mtu aniambie. Na mtu mwenyewe ni mimi.

Saa saba bosi alipokuwa anakula nikamwambia yote, kisima na uji na kila kitu. Aliweka kijiko chini. Nilidhani atanifukuza.

"Na ukaniacha nimcheke mama wa watu?" Akachukua kijiko tena. "Mtoto usimlete tena hapa."

Basi. Kazi bado niko nayo. Mutheu sijui nitamwachia nani kuanzia kesho, lakini njia itapatikana, huwa inapatikana. Ajabu ni kwamba chakula cha mchana kimeshuka leo.

Binti nimemjibu kwa jina langu, kwamba mama yake ni mzima na kosa ni langu.

Bado Susu. Kesho nikipewa ruhusa ya asubuhi nitaenda kwake na kibodi mbovu kwa kiondo, na chupa ya maji ya mvua kwa chai yake. Nitamchokolea zile herufi aone na macho yake. Miaka yote hiyo amekwangua sufuria. Ile chumvi ataijua kabla sijafungua mdomo.

Lakini nitaufungua.