Njia ya Ng'ombe Uliyokataa Kuifunga

Baba yangu mpendwa,

Tangu tukuzike, ploti yako hapa Kitengela imenenepa. Nyumba ni ile ile, na udongo mweusi bado unatuvua viatu mvua ikinyesha, ila fensi imetembea. Kimani, kitindamimba wako, alijenga ukuta wa mawe nikiwa kazini Ngong, akafunga njia ya ng'ombe.

Unakumbuka siku uliponunua? Mzee wa Kimaasai aliyetuuzia alituzungusha mpakani, na tulipofika kona ya chini akang'oa nyasi akakuwekea mkononi. "Kwetu nyasi ni amani," alisema. "Hapa ng'ombe anapita kwenda maji. Wewe usifunge." Njia ilikuwa kwenye ramani, ni ya umma, lakini wewe uliitikia kama uliyekula kiapo.

Baadaye majirani wa ng'ambo wakaanza kusogeza fensi zao njiani, kila mmoja kwa wakati wake. Yule aliyepeperusha bendera langoni ndiye aliyemega kubwa kuliko wote. Nikakutania, "Baba, huyu anapenda nchi mpaka anaila!" Ulicheka ukashika mbavu. "Usimcheke sana," uliniambia. "Hata mimi naitamani hiyo njia. Kila asubuhi naona vile kuku wangu wangekaa hapo vizuri. Wale wezi tunasikia kwa redio walianza na fensi."

Nilishtuka kusikia kwamba wewe pia ulitamani. Nilidhani watu wema hawatamani. Sasa nakuheshimu zaidi, kwa sababu ulitamani na bado ukaiacha njia wazi miaka yote.

Upande wetu palikuwa pamebaki upenyo, na ng'ombe walipita mmoja mmoja. Ukuta wa Kimani umeuziba. Mama Naserian, mke wa mwana wa yule mzee, sasa anapeleka mifugo yake majini kwa barabara kuu, katikati ya malori ya Namanga. Wiki jana lori liligonga mtamba wake, na mama mwenyewe akaponea chupuchupu. Nilipokwenda kumpa pole alinisalimia, "Sopa," akanikaribisha chai. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilimkabili Kimani jioni hiyo hiyo.

"Sister, kila mtu amesongeza," alisema. "Tukirudi sisi tutakuwa wajinga peke yetu. Na hiyo njia ni ya serikali, si ya mtu."

"Serikali ni nani? Si ni Mama Naserian?"

"Mimi niko na heshima kwako. Lakini ukigusa jiwe moja la huo ukuta, mimi sina dada."

Nililia, Baba, sikufichi. Huyu ndiye niliyembeba mgongoni Mama akiwa shambani. Si mtu mbaya. Kanisani huimba kwa sauti kuliko wote, na wimbo wa taifa ukipigwa husimama wima, machozi yakimlengalenga. Ananipenda, anaipenda Kenya, na amefunga njia ya Kenya kwa mawe. Dhambi haikumgeuza jini. Ilimwacha Kimani yule yule, ikamwongezea uwanja wa kuegesha gari.

Nilikuwa nikidhani uzalendo ni kuwakasirikia wakubwa. Kukasirika ni rahisi, hata mwenye bendera hukasirika. Kazi ngumu ni kumzuia mtu wako mwenyewe, mkiwa mmekaa meza moja, na kujizuia wewe mwenyewe pia.

Nimeshaita fundi. Kesho asubuhi tunabomoa upande wetu, kisha nitakwenda kwenye mkutano wa majirani kuwaomba nao warudi nyuma. Watanicheka, na mwenye bendera ataniita msaliti. Acha aniite.

Nitaligusa hilo jiwe, Baba. Jioni nitapika na kumwekea Kimani sahani yake, kesho, kesho kutwa na kila siku, mpaka aje. Ni mwenye dhambi kama mimi, na nchi hii ni yake pia.

Pumzika, mzee wangu.

Binti yako wa kwanza