Buibui wa Aurélie

Wamaza, 4 Oktoba 2023

Mama mukwe Chimène,

Salamu nyingi. Nilifika muzima, mugongo tu unauma kwa sababu ya barabara. Magoti yako namna gani? Nitafundisha hapa mpaka Pasaka.

Mama, najua unaogopa yule buibui. Lakini tangu tulimuzika Aurélie, katika vyote mutoto wako alivyofuga, ni yeye tu amebaki hai. Hafumi nyavu, anawinda chini. Umupatie nyenje mumoja, mara mbili kwa wiki. Pamba kwenye kifuniko iwe na maji. Udongo ubaki baridi, usilowe. Bokali, ile chupa anamokaa, usiiweke juani.

Mukwe wako, Hervé

Kasongo, 19 Oktoba

Mukwe wangu,

Mungu asifiwe kama uko muzima. Magoti iko vile vile.

Buibui anakula. Nakamata nyenje kwenye kuni, namutupa ndani, nafunga mbio. Lakini sasa ana kidonda nyuma, cha mviringo, cheupe, kama punje ya muhindi. Nilijaribu kukitoa na kijiti. Alikishika na miguu yote, akakatala. Nimuwekee dawa gani?

Mama Chimène

Wamaza, 27 Oktoba

Mama,

Acha kijiti! Huo ni mufuko wa mayai. Hata mimi sikujua. Watoto wakitoka watapanda mugongoni mwake, wiki moja hivi. Usitikise bokali. Wakianza kushuka, uwaachie inje. Wakibaki pamoja watakulana.

Poleni na mvua.

Hervé

Wamaza, 24 Novemba

Mama, hujambo? Sijapata barua. Niandikie hata kama amekufa.

Hervé

Kasongo, 3 Desemba

Mukwe wangu,

Sijambo. Usinikasirikie.

Ndugu yangu Jean-Pierre alitoka Nyangwe kunichukua. Akasema: «Matanga imeisha. Mutoto wako hayuko, mukwe hayuko. Unalinda nyumba ya nani?» Nikamujibu: «Ngoja, kuna muzazi ndani.» Alitafuta muzazi vyumba vyote. Nilipomuonyesha bokali, akarudi kwake bila kuaga.

Watoto walikuwa kama mia. Siku ya nane walianza kushuka. Niliwapeleka kwenye majani nyuma ya shule Aurélie alikofundisha. Pale nikalia. Siku ya mazishi sikulia, uliona.

Mama yao hakula tena. Alhamisi nilimukuta amekunja miguu. Labda ni kile kijiti changu.

Basi, hapa sina tena kitu cha kulinda. Nimemuita Jean-Pierre, anarudi jumamosi tarehe 16. Ufunguo utaupata kwa jirani Théophile.

Chimène

Wamaza, 10 Desemba

Mama,

Mwenye moto, ile pikipiki ya kubeba barua, anangoja inje, naandika mbio. Si kijiti. Alikuwa muzee.

Sikukuacha pale kwa sababu ya buibui. Niliogopa kukuomba ubaki. Nilijiuliza: Aurélie hayuko, nitakuomba kama nani? Buibui akanipa neno la kusema.

Mama aliyenizaa sikumujua. Ukitaka Nyangwe, enda na amani, nitakuja kukuamkia. Ukitaka kubaki, chumba ni chako, nioe tena au nisioe.

Mutoto wako, Hervé

Kasongo, 17 Desemba

Mutoto wangu Hervé,

Habari ya Wamaza? Barua yako ilifika ijumaa. Nilimupa Théophile anisomee mara mbili, kisha nikaisoma mwenyewe.

Jean-Pierre alikuja na moto mbili, yake na ya kunibeba. Alikula sombe na samaki, akakasirika, akaongeza sombe.

Moto moja ilirudi Nyangwe bila mutu nyuma.

Mama yako