Jumanne ya Tope la Ndiva

Mwamvita, nimetoka kwa bibi Yudith sasa hivi. Nina hasira na mtu aliyekufa zamani.

Enzi za Mwingereza, Yudith ni bi harusi mpya huku Mamba, upande wa juu. Watu wa juu na wa chini wanagombania maji ya ndiva, lile bwawa la mfereji, mpaka majembe yanainuliwa.

Chama kimoja cha hisani kikamleta mwalimu kutoka Same, Bwana Reginald, awafundishe kupatana. Akachagua Jumanne.

Jumanne, Mwamvita. Siku ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima: wote hao, wa juu na wa chini, wanazoa tope la ndiva pamoja.

Yudith akamwambia, "Mwalimu, leo tuna tope."

Unajua alijibu nini? "Tope litasubiri. Amani kwanza."

Litasubiri, eti.

Watu wa juu wakamwogopa, wakaingia darasani. Wakashinda wakifundishwa kupeana mikono. Wa chini wakazoa peke yao, na jioni wakasimama mlangoni mwa maji: asiyezoa hapati. Maharage ya Yudith yakakauka yakiwa kwenye maua.

Nikamuuliza, kwani somo lilikuwa baya? Akasema, "Somo zuri, mjukuu wangu. Ila siku moja tu kwa wiki tulikuwa hatugombani, na ndiyo hiyo aliyoichukua kutufundisha kutogombana."

Sasa ile semina ya amani mimi na wewe tuliyowapangia watu hawa wa ndiva wiki ijayo.

Msaragambo bado ni Jumanne. Hebu angalia tumeweka siku gani.